Nusu Frasila Hadi Msata

Jumamosi, 14 Juni

Baiskeli yangu ni ya kwendea kazini, basi. Niliinunua Kariakoo miaka mitatu iliyopita, mtumba wa Japani: fremu ya alumini, matairi ya 700 kwa 38, gia tatu mbele na saba nyuma, madigadi yake mawili na keria iliyokuja nayo. Inanitoa Sinza kunipeleka Mikocheni asubuhi, jioni inanirudisha. Kikapu cha mbele kinabeba hotipoti, kompyuta na mara nyingi mchicha wa usiku.

Tatizo lilianza na video za kwenye simu. Watu wanafunga mabegi kwenye baiskeli, moja ndani ya pembetatu ya fremu, moja nyuma ya siti, jingine kwenye usukani, halafu wanaingia porini wiki nzima. Hawana keria. Sababu yao nimeielewa: njia zao ni nyembamba, mifuko ya pembeni inanasa vichakani, na keria kwenye mawe hulegea skrubu na kupiga kelele. Mimi ninakokwenda ni lami na keria ninayo tayari. Lakini niliyataka yale mabegi. Niliyataka kama mtoto anavyotaka viatu vya sikukuu.

Leo nimezunguka Kariakoo tangu saa tatu. Baiskeli zimejaa, spea zimejaa, mabegi ya fremu hakuna. Nimerudi na tyubu moja ya akiba, kopo la viraka na gundi, na pampu ndogo ya mkononi. Jioni nikampitia fundi wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeanguka?"

Nikamweleza: Bagamoyo, kisha Msata, kisha Chalinze, siku nne, mapumziko ya Saba Saba. Na shida yangu ya mabegi. Akanisikiliza huku akisugua mnyororo wa mtu kwa mafuta ya taa.

"Wale wanaoleta mkaa kutoka Kisarawe, umeona hata mmoja ana begi?"

Sijaona. Wanafunga magunia mawili, wengine matatu, kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu chakavu, na baiskeli inapita katikati ya daladala kama kawaida. Nikasema wale wamezoea. Akacheka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Hata hivyo alinifanyia kazi ya maana kuliko manunuzi yangu yote ya siku hiyo. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akawa anabinya spoki mbilimbili na kuzigonga kwa spana, ting, ting, ting, mpaka moja ya nyuma ikalia tofauti. Imelegea. Ukiiweka mizigo juu, alisema, jirani zake ndio watakaolipa, watakatika mmoja mmoja. Akaikaza. Akabadilisha raba za breki za nyuma. Siti akainyanyua vidole vitatu: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikipiga pedali kama mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Jumapili, 22 Juni

Nimekata boksi la biskuti kwa umbo la pembetatu ya fremu, nikalipeleka kwa fundi anayeshona siti za daladala na maturubai ya malori. Shilingi 28,000, turubai la kijani, zipu mbili na kamba za kufungia. Begi la kwanza lilitoka nene kama mto wa kulalia. Kila nikizungusha pedali magoti yanalisugua. Nikalirudisha. Sasa lina upana wa kiganja, na magoti yanapita.

Kuhusu maji, fundi alisema ukweli: turubai halivuji ila tundu za sindano zinavuja. Zamani ungetia kila kitu kwenye mfuko wa nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nimenunua ile nailoni nzito ya kutandika mezani, inayouzwa kwa mita, nikaifanya bitana.

Cha kwenye usukani sikushona. Nimeviringisha vitu ndani ya khanga na kuvifunga kwa mikanda, nikihakikisha haviziminyi waya za breki.

Alhamisi, 3 Julai

Mdogo wangu amekubali kuja. Yeye ana Phoenix ya marehemu babu yetu, ile ya breki za vyuma, gia moja, tairi za inchi 28. Mzigo wake upo kwenye salfeti ya mchele: shati, bukta, shuka, mswaki, spana mbili. Aliponiona nimepanga vitu sebuleni akauliza, "Dada, unahama?"

Nina hema nililoazima kwa rafiki aliyewahi kupanda Kilimanjaro nalo. Nina jiko dogo la gesi, sufuria, tambi, samaki wa kopo. Jinzi. Viatu vya pili. Jirani anayeuza nyanya akanipimia kwa mzani wake: kilo 17. Maji bado.

Ijumaa, 4 Julai: Sinza hadi Bagamoyo

Tumetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa nyekundu inawaka nyuma. Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu. Jiji likiwa limelala, Barabara ya Bagamoyo ni nzuri kuliko inavyostahili sifa zake.

Somo la kwanza lilinikuta Mtongani. Dereva wa bodaboda alinisalimia, nikainua mkono kumwitikia, na usukani ukaondoka wenyewe kuelekea mtaroni. Mzigo wa mbele unaufanya usukani uwe mzito na wenye uamuzi wake. Kila kizito nilikuwa nimekiweka huko, jiko, makopo, eti kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Tegeta tukasimama na kupanga upya: vizito vyote ndani ya begi la fremu, chini kabisa, karibu na pedali, vyepesi mbele, hema juu ya keria, limelala kufuata urefu wa baiskeli na si kukingama. Baiskeli ikarudi kuwa yangu.

Kuanzia Tegeta ni malori ya saruji kutoka Wazo. Hapa naomba niseme kuhusu kifaa kilichokuwa bora kuliko vyote, ambacho sikukiona kwenye video hata moja: kioo cha bodaboda, shilingi 6,000, kimefungwa kulia kwenye usukani. Unaliona lori mapema, unaamua mapema. Bila kioo unageuza shingo, na ukigeuza shingo baiskeli nayo inaifuata.

Bunju tulikula chapati na maharage. Daraja la Mto Mpiji ndio mwisho wa Dar es Salaam. Ng'ambo yake ni Pwani, Mapinga, kisha Kerege na Zinga. Julai ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi alikuwa mgongoni kwetu njia nzima. Mwanafunzi wa safari za baiskeli achague mwelekeo wake wa kwanza kwa kuuliza wavuvi, si ramani.

Tumeingia Bagamoyo saa sita kasoro. Kama kilomita 60, na ninachoweza kusema kuhusu siti ya kwendea kazini, ile pana yenye springi, ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nusu saa. Baada ya saa mbili upana wake ndio unaochubua mapaja. Mdogo wangu amekalia ngozi ngumu ya Phoenix iliyokwisha kuchukua umbo la babu na hajalalamika hata mara moja.

Hema halikufunguliwa. Gesti ilikuwa shilingi 20,000 na ina chandarua.

Jumamosi, 5 Julai: Bagamoyo

Siku ya kupumzisha mapaja. Asubuhi tumekwenda Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji: magofu ya misikiti miwili, makaburi yenye nguzo, na mbuyu. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kulikuwa kimya, na kijana wa kutembeza wageni akatuonyesha mawe ya matumbawe, namna yalivyoshikanishwa kwa chokaa.

Lakini kilichonikaa kichwani ni wapagazi. Hapa ndipo misafara ilipokuwa ikifungashwa kwenda Tabora na Ujiji, na wengi wa wabebaji walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, kwa miguu, miezi. Na hapahapa, Februari 1874, uliletwa mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walikuwa wameukausha kwa chumvi, wakauzungushia kitambaa na gome la mti, wakashonea turubai la tanga juu yake, kisha wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Nilisimama pale mbele ya mnara wa misheni nikifikiria mshono. Turubai langu lile la 28,000 lilikuwa linaanza kufumuka kwenye zipu baada ya siku moja.

Jioni, soko la samaki la pwani. Nikamwomba muuza changu anipimie mzigo.

"Unauza nini dada?"

"Siuzi, napima tu."

"Kupima bila kuuza!" Lakini akautundika. Kilo 17 bado, frasila moja na kidogo. Nusu ya mpagazi, nami nina magurudumu.

Tukakaa kwenye jahazi lililopinduliwa na kuanza kutoa. Hema na vigingi vyake, kilo tatu na nusu. Jiko, sufuria, tambi na makopo, kilo tatu. Nilikuwa nimeyachukua kwa kuiga wanaoendesha mahali ambapo unapita siku mbili bila kukutana na nyumba. Kutoka Sinza mpaka hapa nimehesabu mama lishe mpaka nikaacha kuhesabu. Jiko la gesi la nini? Jinzi, viatu vya pili na nguo nyingine, kilo mbili na nusu. Jinzi ndiyo iliyoniuma, maana ndiyo niliyopanga kupigia picha.

Kilichobaki: nguo mbili, khanga mbili, chandarua, koti la mvua, sabuni, dawa, taa, vifaa vya pancha, chaja. Khanga zimekuwa taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo nyuma ya mnazi, na tangu leo asubuhi, zikikunjwa, pedi ya siti. Nimevirudisha vyote kwenye mzani: kilo nane. Nusu frasila. Vingine nimevipa basi dogo la Makumbusho kama kifurushi, shilingi 5,000, jirani wa nyanya ataenda kupokea.

Begi sasa linanuka samaki.

Jumapili, 6 Julai: Bagamoyo hadi Msata

Kilomita 64 za lami. Baada ya Makofia barabara inashuka kwenye bonde la Ruvu, tambarare, mpunga na nyasi, ndege weupe wakitembea nyuma ya ng'ombe. Baiskeli ya nusu frasila ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa naimba.

Ng'ambo ya Ruvu barabara inaanza kupanda taratibu, na hapo nikapata pancha. Gurudumu la nyuma lilipanda kingo ya lami iliyomeguka, puu, nikasikia ringi ikigonga. Matundu mawili yanayotazamana, kama ameumwa na nyoka. Sababu ni mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba tairi laini hufanya safari iwe ya starehe, nikapunguza upepo. Lakini mzigo ukiwa nyuma na tairi likiwa laini, ringi inalibana tyubu kwenye jiwe na kulikata pande zote mbili. Ulaini ule ni wa matairi manene ya porini, si haya yangu ya milimita 38.

Basi, akiba. Nikalitoa lile tyubu la Kariakoo: valvu nyembamba, ile ya sindano. Pampu yangu inakubali valvu nene tu, kama ya gari. Sikuwahi kulitoa kwenye boksi. Tukageukia viraka. Gundi ilikuwa imekauka ndani ya tyubu yake, ngumu kama utomvu wa mkorosho wa mwaka juzi. Mdogo wangu hakusema kitu, na ukimya wake ulinichoma kuliko angesema.

Akafungua gurudumu langu, akalifunga kwa mpira juu ya salfeti yake, akapanda Phoenix na kuelekea Kiwangwa. Nikabaki chini ya mkorosho na baiskeli ya gurudumu moja.

Baada ya kama nusu saa akapita mama mwenye beseni la mananasi kichwani. Akanitazama, akatua beseni.

"Gurudumu wamekuibia?"

"Hapana mama, limeenda kuzibwa."

"Na wewe wamekuacha peke yako?"

"Mdogo wangu anarudi."

"Haya, tumsubiri." Akakaa. Hakuwa na sababu ya kukaa. Akanimenyea nanasi kwa kisu kilichokuwa kimefungwa kwenye upindo wa khanga yake, akaniuliza nina watoto wangapi, naendesha kwenda wapi, nalipwa na nani. Nikamwambia silipwi. Akafikiri. "Kwa hiyo ni kama hija." Sikuwa na jibu bora.

Mdogo wangu alirudi baada ya saa moja na nusu, gurudumu likiwa gumu kama jiwe. Fundi wa Kiwangwa hakuwa na tyubu la 700, hajawahi kuliona. Alikuwa na tyubu za Phoenix, 28, kama kila fundi wa kijijini nchi hii. Ni kubwa kidogo, likakunjwa kidogo, likaingia. Valvu yake ya kizamani ikapita kwenye tundu la ringi yangu bila shida. Shilingi 7,000 pamoja na kazi.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima hadi Msata. Nilitumia wiki tatu nikichagua begi, na swali lililotakiwa kuja kwanza lilikuwa hili: nikiharibikiwa, fundi wa kijiji cha jirani ana nini kwenye sanduku lake?

Tumefika Msata saa kumi na moja jioni. Shangazi alikuwa mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Gari limewaharibikia wapi?"

Ilichukua sahani mbili za ugali na kisamvu kumfanya aamini kwamba hapakuwa na gari.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba: Msata hadi Chalinze

Kusi aliyetusukuma Ijumaa leo ametukabili. Gia ndogo, kichwa chini. Mdogo wangu na gia yake moja akishindwa mlima anashuka na kukokota, na kwa aibu yangu anafika juu dakika mbili tu baada yangu.

Barabara hii ya Segera si ya kuzubaa: mabasi ya Arusha na Tanga, malori ya kokoto karibu na Lugoba. Tulijiwekea sheria tangu Msata. Nikiona kwenye kioo gari kubwa linakuja nyuma, na mbele linakuja jingine, wote wawili tunashuka kwenye vumbi na kusimama. Hakuna kujadiliana. Tulisimama mara kumi na nne. Msoga tulinunua mahindi ya kuchoma, na saa sita na robo tulikuwa njia panda ya Chalinze.

Mpango wa awali ulikuwa kuendelea Mlandizi, Kibaha hadi nyumbani, zaidi ya kilomita 100. Nikaitazama ile barabara dakika kumi. Magari mengi ya Morogoro, Dodoma, Mbeya na Arusha yanapita hapo, na siku ya mwisho wa sikukuu kila mtu anawahi. Nikasema mimi siendi. Mdogo wangu akashusha pumzi, akasema alikuwa anasubiri niseme.

"Baiskeli ni mzigo dada, elfu kumi kila moja," konda akasema.

"Elfu kumi si nauli ya mtu kabisa?"

"Mtu anakaa. Hii inalala, inachukua nafasi ya watu wawili."

Tukaafikiana elfu kumi kwa zote mbili, nami nikaingiza kwa mkono wangu. Ushauri kwa anayekuja: toa pedali ya upande wa nje na ulaze baiskeli upande wa gia ukiwa juu, na kioo kifungue mapema, ukiweke mfukoni. Cha kwangu nilikisahau. Kilitoka na ufa katikati, na sasa kila lori nililo nalo nyuma ni malori mawili.

Stendi ya Magufuli saa kumi jioni. Kutoka Mbezi hadi Sinza tukateremka polepole pembeni ya barabara ya mwendokasi. Kwa nusu frasila huoni hata kama umebeba kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimechelewa kazini dakika kumi. Begi la fremu limebaki palepale. Hotipoti haikuingia, imerudi kikapuni, lakini kompyuta imekaa vizuri. Mwenzangu wa meza ya pili ameuliza nani ameleta samaki.

Jioni nikampitia mzee. Akaigeuza baiskeli, akagonga spoki, ting, ting, zote zikaitika sauti moja. Kisha akabonyeza tairi la nyuma, akaiona valvu, akanitazama.

"Hili la Phoenix."

"Ndiyo mzee. La Kiwangwa."

"Ninalo la saizi yako hapa, nililitoa juzi kwenye baiskeli ya mtu. Nikubadilishie?"

Nikamwambia aliache. Akatoa moja jingine la 28 kwenye sanduku, akalikunja, akalifunga kwa mpira chini ya siti yangu, akasema elfu tano.